Uzi mrefu: Kikomo cha laini ya umeme kwenye gridi ya kanda kiamuliwe na nani?

#1 | Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Mijadala yetu ya umeme karibu yote huishia kwenye mitambo: megawati ngapi zimeongezeka, bwawa limejaa au halijajaa, gesi inatosha au haitoshi. Laini za kusafirisha tunazikumbuka siku giza likiingia. Leo naomba tukae kwenye swali ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Laini ya msongo mkubwa ibebe umeme kiasi gani, na nani mwenye mamlaka ya kusema "hapa basi", ikiwa gridi ni moja lakini wenye laini ni wengi na wengine wako nchi jirani?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge kwa hoja. Mdhibiti asitaje namba ya kila laini. Alazimishe njia ya kuikokotoa ijulikane, namba yenyewe ionwe na kila anayeguswa nayo, na ikivukwa basi saa ianze kuhesabu na awepo mtu mwenye amri ya kupunguza mzigo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwanza tuelewane kikomo ni kitu gani, maana wengi wanadhani ni unene wa waya tu.

Waya unaopitisha umeme unapata joto, na joto hilo hukua haraka kuliko mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto linalozalishwa linakuwa mara nne. Aluminiamu ikipata joto hurefuka. Waya uliotandazwa kati ya minara miwili unashuka, unaikaribia ardhi, unaikaribia miti. Ukiachwa kwenye nyuzi 100 na zaidi kwa muda mrefu, metali yenyewe inapoteza uimara na hairudi kama zamani hata ikipoa. Hicho ni kikomo cha joto, na ndicho kinachobana laini fupi.

Laini ikirefuka, kinachobana ni kingine. Kabla waya haujafikia joto la hatari, volteji ya upande wa pili inakuwa imeshuka mno. Ikirefuka zaidi, kilomita mia tatu na ushee kwenda juu, tatizo ni uthabiti. Mitambo ya huku na ya kule inazunguka kwa mwendo mmoja kana kwamba imefungwa kwa mpira. Ukitaka umeme mwingi upite, mpira unavutika zaidi, na ukivutika sana mtikisiko mdogo unatosha kuitoa mitambo kwenye mwendo wa pamoja. Laini ya namna hiyo inaweza kuwa baridi kabisa na bado imefika mwisho wa uwezo wake.

Juu ya hayo kuna kanuni ya N-1: gridi iendeshwe kila dakika kama vile kifaa kimoja kikubwa (laini au mtambo) kitatoka, yaani kitakatika ghafla, sasa hivi, na kikitoka, vilivyobaki visizidiwe. Kwa hiyo laini mbili sambamba za megawati 1,000 kila moja hazikupi 2,000. Zinakupa 1,000 na kidogo cha juu yake, kulingana na iliyobaki inaweza kuvumilia kwa dakika ngapi. Ugomvi na wauzaji wa umeme huanzia hapo, maana wao wakiangalia wanaona waya wenye nafasi tupu.

#2

Mkuu, somo limeeleweka. Ila kama yote haya ni fizikia, si mhandisi wa mwenye laini akokotoe aweke namba yake, yaishe? Mdhibiti anaingiaje? Mimi naona hapo ndipo siasa zitakapoingia kwenye kazi ya wataalamu.

#3 | Mleta uzi

Swali zuri, na nimelisikia kwa wahandisi wengi tu.

Namba ya kikomo cha joto inatoka kwenye fizikia pamoja na dhana. Mhandisi lazima aseme: leo hewa ina joto kiasi gani, jua linapiga vipi, upepo unakwenda kasi gani na unaupiga waya kutoka upande gani. Zamani ilikuwa kawaida kuchukua siku mbaya ya mwaka, jua kali na upepo wa nusu mita kwa sekunde, ukapata namba moja ya kudumu. Upepo ukiongezeka kidogo tu ukaupiga waya ubavuni, uwezo halisi unapanda sana. Upepo ukitulia kabisa mchana wa joto, namba ya kwenye karatasi inaweza kuwa kubwa kuliko uwezo wa waya wenyewe. Wahandisi wawili waaminifu watakupa namba mbili za laini moja, na wote wawili hesabu zao ziko sawa.

Halafu kuna relei. Laini ina ncha mbili, na kila ncha ina kifaa kinachoikata ikizidiwa. Ncha moja ikiwa ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, nani anajua kikomo cha kweli?

Hili lilitokea usiku wa tarehe 4 Novemba 2006. Kaskazini mwa Ujerumani, kampuni ya E.ON Netz ilizima laini mbili za kilovolti 380 zinazovuka mto Ems ili meli ya Norwegian Pearl ipite kwenda baharini. Kazi ilipangwa saa 7 usiku, baadaye ikarudishwa nyuma hadi saa 4 usiku. Laini zikazimwa saa 3:38. Umeme uliokuwa unapita pale ukahamia njia nyingine, ikiwemo laini ya Landesbergen hadi Wehrendorf. Ncha ya Landesbergen ilikuwa ya E.ON, na relei yake ingekata kwenye amperi 3,000. Ncha ya Wehrendorf ilikuwa ya RWE, na yao ilikata kwenye 2,100. Dakika tatu baada ya kuzima, RWE waliwapigia simu wenzao wakawatajia kiwango chao cha tahadhari, amperi 1,795. Hakikuingizwa kwenye uamuzi.

Ilipopita saa 4 mkondo ukaanza kupanda. Kwa haraka, waendeshaji wa E.ON wakaamua kuunganisha sehemu mbili ndani ya kituo cha Landesbergen. Kwa makadirio yao, mkondo ungeshuka kwa amperi 80. Ukapanda kwa 67. Saa 4:10 laini ikajikata, nyingine zikafuata ndani ya sekunde chache, na gridi ya bara la Ulaya ikagawanyika vipande vitatu. Kaya zipatazo milioni 15 zilikosa umeme.

Kampuni zote mbili zilikuwa na wahandisi waliobobea. Kilichokosekana ni sheria ya kuwalazimisha kutumia kikomo kimoja kwa laini moja, na kufanya hesabu ya N-1 upya kabla ya kugusa swichi. Hiyo si siasa, mkuu. Ni sheria kuingia pale ambapo utaalamu wa mtu mmoja unaishia kwenye uzio wa kituo chake.

#4

Naunga mkono, naongeza kwa upande wa uendeshaji maana ndiyo kazi yangu. Kikomo bila muda hakina maana kwa aliyekaa mbele ya skrini.

Angalieni Marekani na Kanada, tarehe 14 Agosti 2003. Saa 9:05 alasiri, laini ya kilovolti 345 ya Chamberlin–Harding huko Ohio iligusa mti ikakatika. Ilikuwa imebeba kama asilimia 44 ya kiwango chake. Asilimia 44! Saa 9:32 ikafuata Hanna–Juniper ikiwa na asilimia 88, na saa 9:41 Star–South Canton ikiwa na 93. Zote miti. Maana yake kikomo kilichoandikwa kilikuwa na sharti lililosahaulika, kwamba chini ya waya pamefyekwa. Mti usipokatwa, uwezo wa laini unashuka na hakuna mita itakayokuambia.

Na mfumo wa tahadhari kwenye chumba cha uendeshaji ulikuwa umekufa tangu saa 8 na dakika kumi na kitu, wenyewe hawajui. Simu zinaingia kutoka kwa majirani kuuliza kulikoni, skrini yao inaonyesha shwari.

Uchunguzi wa pamoja wa nchi hizo mbili ulisema hivi: kama megawati 1,500 za mzigo zingepunguzwa eneo la Cleveland na Akron kabla laini ya Sammis–Star haijaondoka saa 10:05, mporomoko ungeepukwa. Hazikupunguzwa. Watu kama milioni 50 wakaingia gizani, megawati 61,800 zikapotea.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwendeshaji. Kuzima megawati 1,500 maana yake ni kuwazimia watu kwa mkono wako mwenyewe, wakati bado taa zinawaka na hakuna ushahidi wa mtu kuuona. Kesho yake unaitwa kujieleza. Kama hakuna sheria iliyoandikwa kwamba "kikomo hiki kikivukwa una dakika kadhaa, na ukizima mzigo kwa sababu hiyo huwajibishwi", binadamu atasubiri. Atasubiri kwa sababu kusubiri ndiko kunakomlinda yeye.

#5 | Mleta uzi

Mkuu hapo juu, umeligusa penyewe. Baada ya tukio hilo Marekani walipitisha sheria mwaka 2005, na kuanzia 2007 viwango vya uthabiti wa gridi vya taasisi ya NERC vikawa lazima. Kabla ya hapo vilikuwa vya hiari, tangu taasisi hiyo ilipoundwa mwaka 1968. Adhabu ikawekwa hadi dola milioni moja kwa siku kwa kila kosa. Na vikomo vile ambavyo vikivukwa kanda nzima inaweza kuanguka vikatengwa na vikomo vya kawaida: mwendeshaji lazima arudi chini ndani ya muda uliopangwa, na muda huo hauzidi dakika 30. Hata kufyeka miti kukawa na kiwango chake kinachokaguliwa.

Dakika hizo 30 ziwe ukomo wa juu, zisigeuke haki ya kusubiri. Italia, usiku wa tarehe 28 Septemba 2003, laini ya kwanza kukatika, iliyokuwa ndani ya Uswisi, iligusa mti saa 9:01 usiku. Ya pili ikabeba mzigo uliobaki, na iliweza kuvumilia kama dakika 15. Simu ya kuomba Italia ipunguze uagizaji wa umeme ilipigwa saa 9:11. Wakaomba megawati 300, zikapunguzwa, hazikutosha. Saa 9:25 waya wa pili nao ukashuka mpaka kwenye mti. Dakika chache baadaye karibu Italia yote ilikuwa giza. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa na thamani kuliko kingine chochote usiku ule.

#6

Samahani wakuu, naona mnaongelea upande mmoja tu, kwamba kikomo kikivukwa ni hatari. Mimi nimeshughulika na biashara ya umeme na nasema kikomo kikiwa cha chini kupita kiasi nacho kinaumiza, tena kimyakimya. Mwenye laini akiweka namba ndogo hakuna wa kumlaumu, hakuna giza. Kumbe jirani mwenye umeme wa bei nafuu amefungiwa mlango, na mitambo ya gharama ya ndani inaendelea kuuza. "Usalama wa gridi" ni neno ambalo hakuna anayethubutu kulihoji.

Mfano ni Sweden. Laini zao za ndani, kaskazini kwenda kusini, zilipokuwa zimebanwa, mwendeshaji wa gridi alikuwa anapunguza uwezo wa kuuza nje ili kujipa nafuu ndani. Tume ya Ulaya ikaingilia kwa sheria ya ushindani, na mwaka 2010 mwendeshaji akakubali masharti ya kubadilisha utaratibu. Tarehe 1 Novemba 2011 Sweden ikagawanywa kanda nne za bei, ili msongamano uonekane pale ulipo badala ya kusukumwa mpakani. Ujerumani na Denmark vilevile: mwaka 2018 kampuni ya TenneT iliahidi kuhakikisha megawati 1,300 kwenye mpaka huo baada ya uchunguzi wa Tume.

#7 | Mleta uzi

Nakubaliana nawe kabisa, na hoja yako inaupa nguvu msimamo wangu. Namba isiyoonwa na mtu inaweza kuangusha gridi, na inaweza vilevile kuwa ukuta wa kibiashara. Ukiificha, hutajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Ulaya iliamua kwa kanuni ya mwaka 2019 kwamba angalau asilimia 70 ya uwezo wa laini husika, ukizingatia mipaka ya usalama, iachwe kwa biashara inayovuka kanda. Mimi napenda lengo lake, ila napata shida na asilimia moja inayopigwa mhuri kwa wote. Umeme haufuati mkataba. Ukiuza kutoka A kwenda B, sehemu ya umeme inazunguka kupitia C, na C anabeba mzigo wa biashara asiyoijua. Gridi yenye pete nyingi, yaani njia nyingi zinazozunguka na kukutana, inapata mizunguko hiyo kwa wingi kuliko gridi iliyonyooka. Ningependelea mdhibiti aseme: onyesha hesabu. Onyesha uwezo wa jumla, onyesha akiba uliyotoa kwa ajili ya usalama, eleza akiba hiyo imetoka wapi, na weka kumbukumbu ya saa kwa saa. Mkaguzi huru akiona akiba inakua kila mara jirani anapotaka kuuza, atajua pa kuanzia.

#8

Na wale wanaochukua umeme zaidi ya walichopangiwa je? Kwenye gridi ya kanda huwezi kumfunga jirani pingu.

#9 | Mleta uzi

Hilo ndilo gumu kuliko yote, na India ya mwaka 2012 inalionyesha vizuri. Tarehe 30 Julai, saa 8:33 usiku, laini ya kilovolti 400 ya Bina–Gwalior ilijikata. Hapakuwa na hitilafu, hapakuwa na mti. Mzigo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba relei iliuona kama hitilafu ya mbali. Kanda ya kaskazini ikaanguka. Kesho yake mchana, laini ileile tena, na safari hii kanda tatu zikaanguka, eneo lenye watu wapatao milioni 620.

Vituo vya kuongoza mzigo vilikuwa vimeshatoa maagizo ya kupunguza. Baadhi ya majimbo ya kaskazini yakaendelea kuchukua zaidi ya ratiba yao. Malipo ya ziada yalikuwa yamefungwa kwenye frikwensi ya gridi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde: ikiwa chini ya kawaida, unalipa zaidi. Frikwensi inakuambia kama umeme kwa jumla unatosha. Haikuambii kwamba laini moja kati ya kanda mbili inakaribia kuzidiwa. Jimbo linaweza kuchukua umeme wa ziada frikwensi ikiwa nzuri, likalipa bei ya kawaida, huku likiivunja laini iliyo mamia ya kilomita mbali.

Kwa hiyo, mkuu #8, pingu ni vitu viwili. Bei iguse msongamano wa laini yenyewe, siyo hali ya jumla tu. Na swichi ya kupunguza mzigo iwe na njia ya kujiendesha pale agizo linapopuuzwa, ikiwa imekubaliwa kwenye mkataba kabla ya siku ya shida. Nchi zikikaa kusaini mkataba wa kuunganisha gridi, kifungu hicho ndicho kinachorukwa kwa heshima, maana hakuna anayetaka kumwambia mwenzake "nitakuzimia". Kisiporukwa, kinaokoa wote.

#10

Swali la haraka: hizi teknolojia za kupima waya papo kwa papo haziwezi kumaliza ubishi? Sensa zikiwepo, namba inajitoa yenyewe.

#11 | Mleta uzi

Zinasaidia sana, ila zinaleta kazi mpya. Tume ya FERC, mdhibiti wa nishati wa Marekani, ilitoa amri namba 881 mwezi Desemba 2021: wenye laini watumie viwango vinavyofuata joto la hewa, vikokotolewe saa kwa saa kwa siku kumi zijazo, na wampe msafirishaji pamoja na waangalizi wa soko namba hizo na njia iliyotumika kuzipata. Mnaona? Amri haikutaja amperi za laini yoyote. Imetaja utaratibu, na nani aonyeshwe. Ndicho ninachokitetea tangu posti ya kwanza.

Sensa inakupa joto na mlegeo wa waya. Haikupi uthabiti wala volteji. Laini ndefu haitapata hata megawati moja zaidi kwa kuwekewa kipima upepo kama inabanwa na uthabiti, ule mpira wa mitambo niliouelezea mwanzo. Na tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizimika kwa volteji kupanda, sio kwa waya kuzidiwa. Laini yenye mzigo mdogo huisukuma volteji juu, na mitambo mingi ya jua na upepo haikuwa ikiidhibiti volteji hiyo kadiri inavyobadilika. Anayesimamia vikomo kwa kuangalia amperi peke yake hangeona chochote cha kumtisha.

#12

Mimi wa relei. Nimesoma uzi wote, jambo moja mnaliacha pembeni. Mnaweza kukubaliana kikomo kizuri, mkakitangaza, mkaweka na adhabu. Kama relei imepangwa chini ya kikomo hicho, laini itajikata kabla mwendeshaji hajaanza hata kufikiri. Mwaka 1965, tarehe 9 Novemba, watu kama milioni 30 walizimikiwa umeme Kanada na Marekani kwa sababu ya relei kwenye kituo cha Sir Adam Beck huko Ontario, iliyokuwa imepangwa chini kuliko mzigo ambao laini ilikuwa imeshazoea kuubeba. Bina–Gwalior ni ndugu yake. Sammis–Star pia.

#13 | Mleta uzi

Asante mkuu, hilo nalipokea na linapaswa kuwa kwenye sheria kwa jina lake. NERC wana kiwango cha relei kinachosema, miongoni mwa vigezo vyake, kwamba isikate laini kwa mzigo ulio chini ya asilimia 150 ya uwezo wa juu wa msimu, ule ambao laini inaweza kuubeba kwa muda wa saa nne hivi, hata volteji ikiwa imeshuka hadi asilimia 85. Nafasi hiyo inampa mwendeshaji dakika za kupunguza mzigo kwa utaratibu.

Ningeongeza sharti moja kwa gridi zinazovuka mipaka. Mpangilio wa relei za ncha zote mbili uwekwe kwenye daftari moja linalosomwa na pande zote, na asiruhusiwe mtu kuubadilisha upande wake bila saini ya upande wa pili. Wenye uzoefu wa mikataba ya kuunganisha gridi, kifungu kama hiki mmewahi kukiona kimeandikwa? Kama mmekiona, tuwekeeni hapa maneno yake tuyachambue.